Starlet ya Chake, Vitz ya Sharjah

Sharjah, 9 Machi 2003

Kaka Amur,

Assalaam alaykum warahmatullah. Mimi mzima, Alhamdulillahi. Kifua kilinibana wiki mbili kwa vumbi la huku, sasa kimeachia. Natumai nawe u mzima, na shemegi Rahila, na mwanao Raniya huko Unguja na mimba yake, Mungu amfungue salama. Shangazi Khairiya nisalimie hapo Pujini. Mwambie embe boribo zake nazikumbuka kuliko ninavyomkumbuka yeye. Atanitukana kwanza, ndipo acheke.

Barua hii kaibeba Bakar wa Wete, anakuja nyumbani kwa harusi yake.

Sasa kaa kitako nikupe habari. Nina gari! Tena si gari ya kubebea ndizi. Ni Vitz, ile RS, ya spoti, ya mwaka elfu mbili na moja, nyekundu. Injini ya sisi elfu na mia tano. Haina kabureta wala choki, ukitia ufunguo imeshawaka. Usukani unauzungusha kwa kidole kimoja. Rimu zinang'ara hata mtu anaweza kujitazama humo akatia wanja. Na spidomita, utacheka, haiko mbele ya dereva, iko katikati ya dashibodi, abiria naye anaiona. Gia ya kwanza inaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Ya pili ndiyo tamu khasa, unasikia mgongo unabanwa kitini.

Nikiiendesha nakikumbuka kijistarlet chako, wallahi nakionea huruma. Miaka ishirini sasa, hakijastaafu tu? Mwenyewe ulinifundisha udereva humo, ukinipiga kofi la kisogo kila nikikosea klachi. Huku hakuna wa kunipiga.

Tuliahidiana tusiandikiane siasa. Wewe na chama chako tawala, mimi na changu cha upinzani, gari ni za sote. Ahadi nimeishika. Lakini neno moja nikuulize. Bakar kasikia kuwa watu wa Pujini hawapandi tena gari yako tangu mambo ya maandamano ya Januari ile ya elfu mbili na moja, ati wanasema wewe ndiye uliyenitaja kwa askari. Nimemwambia huo ni uzushi wa watu wasio na kazi. Au kweli hawapandi? Nijibu ukipata nafasi.

Mdogo wako,
Talal


Chake Chake, 4 Mei 2003

Talal,

Wa alaykum salaam. Barua yako ya Machi nimeipata juzi. Bakar wako alikaa nayo mfukoni mpaka harusi ikaisha, nadhani ilisafiri naye mpaka fungateni, maana inanuka udi.

Raniya kajifungua mtoto wa kiume, wamempa jina Fahd. Rahila kaenda Unguja kumlea mzazi, siku arubaini, halafu atarudi. Nyumba kimya. Napika mwenyewe. Nimejua sasa kwa nini mama alikuwa akitupiga tukisema wali umeungua.

Umeisifia Vitz yako kama mtu anasoma maulidi, ilibaki watu wasimame tu. Nisikilize mimi niliyezifungua gari kwa mikono hii miaka ishirini na sita pale karakana ya serikali. Gari yako inavutwa na tairi za mbele. Yangu inasukumwa na za nyuma. Kuvutwa anavutwa ng'ombe. Starlet ya themanini na tatu, injini ya sisi elfu na mia tatu, gia tano, nyepesi, haina kompyuta ya kununa. Ikikataa kuwaka naitoa kabureta, naipuliza kwa mdomo, naitia, imewaka. Yako ikinuna utapuliza wapi? Choki asubuhi ni kama kumuamsha mzee, unamvuta polepole, unamngoja akohoe. Usukani mzito, ndiyo. Usukani mzito unakwambia barabara ilivyo. Huo wa kidole kimoja unakuficha.

Aibu yake moja nitaisema kabla hujaisema wewe. Nyuma ni nyepesi. Masika haya mlima wa Pujini umekuwa sabuni, na tairi za nyuma zinazunguka bure. Kwa hiyo nimetia magunia mawili ya mchanga, polo mbili nzima, kule nyuma, na sasa inapanda vizuri.

Spidomita yangu iko mbele yangu. Abiria hana haja nayo.

Uliloniuliza, ni uzushi kama ulivyosema. Watu wanapanda. Jana tu nilijaza.

Kaka yako,
Amur


Sharjah, 22 Juni 2003

Kaka Amur,

Assalaam alaykum. Hongera ya mjukuu. Mpeni asali, mumwambie ana babu mdogo Sharjah mwenye gari ya spoti.

Huku joto limeingia, bati la gari linaunguza mkono. Nashukuru Vitz ina kiyoyozi. Nakifungua, nafunga vioo, nakaa ndani tu, hata sehemu ya kwenda sina. Ndiyo starehe yenyewe.

Umejitetea vizuri kama mtu anayeuza karafuu mbichi kwa bei ya kavu. Ila kabureta unayoipuliza kwa mdomo kila wiki si sifa, kaka, huo ni ugonjwa na wewe ndiye mganga. Vitz inajipimia mafuta yenyewe. Ukikanyaga inaitika papo hapo, inatoka ya kwanza, inaingia ya pili, unaona ukuta unakujia.

Lakini neno la haki nilitoe. Kwa nafasi ya nyuma Starlet imeishinda. Juzi nililaza viti vya Vitz nikajaribu kulala humo, magoti yaligota. Katika Starlet mtu mrefu analala akijikunja kidogo tu.

Halafu nimekaa nikifikiri juu ya ule mchanga wako. Basi tu, nimefikiri.

Shangazi hujanambia habari zake. Hajambo?

Talal


Chake Chake, 14 Septemba 2003

Talal,

Wa alaykum salaam. Sikuandika mapema kwa sababu sikuwa na la kuandika.

Rahila bado yuko Unguja. Siku arubaini zilikwisha mwezi wa sita. Kwanza alisema mtoto ana homa, kisha mtoto ana upele. Sasa hasemi kitu, na mimi simuulizi. Sokoni alikuwa akifika kwenye genge, muuzaji anageuka kupanga tungule zake mpaka yeye aondoke. Mwanamke gani angevumilia miaka miwili na nusu?

Nimeshaanza kusema, basi niseme. Mei nilikudanganya. Hawapandi, Talal. Hajapanda mtu gari yangu tangu Januari ya mwaka ule. Nikisimama njiani mvua inanyesha, mtu na mzigo kichwani, namwambia ingia, ananitazama kama sijasema, anaendelea na mvua yake. Msikitini nikisimama kwenye safu, aliye pembeni yangu anakumbuka alisahau kitu nyuma. Shangazi Khairiya nimekwenda kwake mara nne. Mlango ameufungua mara moja, akaniambia, "Damu ya ndugu yako ameinunua nani, na kwa ngapi?" Akaufunga. Kwa hiyo sijui kama hajambo. Nafikisha salamu zako mlangoni, nageuka.

Mchanga ule si wa mlima. Yaani ni wa mlima, lakini zamani mlima ule nilikuwa nikiupanda na watu watatu nyuma na kuku wao.

Nimechoka. Mtu wa miaka arubaini na sita, naongea na gari.

Sasa habari yenyewe. Jecha kafariki Ijumaa iliyopita. Yule Jecha askari, aliyekuwa akisimama kwenye kizuizi cha njia ya Wesha. Presha. Nimekwenda kuzika, nikaweka gari nje tayari kwa kina mama wa kurudi mbali. Wamerudi kwa miguu. Yuko mbele ya haki sasa, na hakuna tena wa kumfukuza kazi wala kumfunga. Unajua kwa nini nakwambia. Mimi nikilisema nitaonekana najisafisha, na maiti hawezi kunishuhudia. Sikuombi kitu. Nakupa habari ya msiba tu.

Na nyingine. Umeniandikia barua mbili za Vitz. Gia ya kwanza inaruka, ya pili tamu, kisha unaona ukuta. Ina gia tano, Talal. Gari ya spoti, barabara za Uarabuni zimenyooka kama rula, na hujafika ya tatu?

Amur


Chake Chake, 28 Novemba 2003

Talal,

Idd mubarak. Barua yako sijaiona.

Nilipika pilau nusu pishi, nikaacha mlango wazi tangu sala mpaka magharibi. Nimekula mwenyewe siku tatu. Halikuungua.

Amur


Sharjah, 12 Desemba 2003

Kaka yangu Amur,

Assalaam alaykum. Barua yako ya Septemba ilinifika mwezi huohuo, haikuchelewa. Nilikuwa nayo chini ya mto. Ile fupi ya Idd imefika juzi, na juu ya pilau nimelia mbele ya watu saba ninaolala nao chumba kimoja.

Naanza na Vitz kwa sababu ni nyepesi kuliko lililobaki. Si yangu. Nafanya kazi katika yadi ya gari za mtumba zinazongoja meli ya kwenda kwetu Afrika. Usukani uko kulia, huku haziruhusiwi barabarani. Kazi yangu ni kuzitoa safu hii na kuzipeleka safu ile. Gari mia moja na hamsini kwa siku, na kabla ya gia ya tatu ukuta umefika. Ile nyekundu ilikaa miezi minane bila mnunuzi, nikaizoea. Chakula cha mchana nilikula humo, kiti cha dereva, vioo vimefungwa, nikibishana nawe peke yangu juu ya kabureta. Oktoba kainunua mtu wa Mombasa. Mimi ndiye niliyeipeleka kwenye meli. Gia ya pili mpaka tumboni mwa meli.

Sasa lililobaki. Najua unalijua, lakini nataka liwe kwa mkono wangu.

Siku ya tatu baada ya maandamano, nilipokuwa natafutwa nyumba kwa nyumba, ulikuja Pujini na Starlet. Ulilaza viti, ukanilaza, ukanifunika mkeka na makumbi ya nazi juu yake. Adhuhuri, jua la utosi, ukapita katikati ya Chake vioo wazi, ukisalimia watu. Kizuizini ulisimama ukawatania askari, ukaomba maji, ukacheka. Nilikuchukia kwa kicheko kile, nami najua ulikuwa ukicheka kwa ajili ya roho yangu. Mguu wangu ulitokeza. Jecha akauona. Akavuta mkeka akaufunika, akapiga bodi kwa kiganja mara mbili, akasema, "Haya, kapeleke makumbi yako." Wesha ukaniteremsha kwenye mikoko penye mashua, ukanipa saa yako niuze. Jioni ile wakakamatwa vijana watatu wa Pujini, na waliokuona ukicheka na askari wakapata wa kumlaumu.

Kule Shimoni, Kenya, wenzangu waliniuliza nimetokaje. Mmoja miguu yake ilikuwa imechanika kwa mizizi ya mikoko. Mwingine alikuwa kabeba maiti ya mjomba wake. Na mimi nilikuja nimelala, nimebebwa na kaka yangu wa chama kile. Niliona haya. Nikasema nami nimepita mikokoni siku mbili, peke yangu. Uongo wangu ukafika Pujini kabla ya barua yangu ya kwanza.

Nilijiambia nanyamaza kwa usalama wa Jecha. Na kweli, hatari kwake ilikuwepo. Lakini Jecha kafa Septemba, na mimi nikanyamaza Oktoba na Novemba. Basi haikuwa Jecha. Nilikuwa napenda kuwa yule kijana wa mikokoni. Ule mchanga niliuelewa tangu Juni. Gari yenye watu haibebi mchanga, hilo ulinifundisha mwenyewe. Nikajifanya sijaelewa.

Nisamehe, kaka. Usiponisamehe pia una haki.

Nimemwandikia Shangazi Khairiya yote haya, bila kujipendelea hata mstari. Nimeiandika kwa herufi za Kiarabu, kwani ndizo anazozisoma, asihitaji mtu wa kumsomea akaruka maneno. Nimempa Bi Mwanapili anayerudi kwao Kojani, aitie mkononi mwake. Sikuipitisha kwako. Wewe ungeichana, ukasema yaliyopita si ndwele.

Talal


Chake Chake, 5 Februari 2004

Talal,

Wa alaykum salaam warahmatullah. Mimi mzima. Mtoto kaota meno mawili. Rahila kaleta salamu kwa mtu wa meli, hakusema anarudi wala harudi, kauliza kama lile bati la jikoni linalovuja nimeliziba. Nimeliziba siku ileile.

Nina hasira nawe. Nataka uijue. Niliisoma barua yako nimesimama, nikatoka nje, nikalipiga teke tairi la Starlet, na kidole bado kimevimba. Miaka mitatu, Talal! Kwa ajili ya kuonekana dume mbele ya watu wa Shimoni! Halafu nikakumbuka ulikuwa na miaka ishirini na mbili, na ulikuwa unatetemeka chini ya makumbi hata mimi mbele niliyasikia yakicheza. Nikarudi ndani nikakaa.

Sasa sikia. Siku ya Idd Kubwa nilikuwa nimekaa barazani kwangu, sikupika kitu, nilishajifunza. Nikamuona Shangazi anakuja, buibui limejaa vumbi, na wanawake wawili nyuma yake. Kumbe ametoka Pujini kwa miguu, na magoti yale! Kumbe baada ya sala ya Idd alisimama upande wa kina mama akaisoma barua yako kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, yeye mwenyewe, na miwani yake ya mguu mmoja. Walionisimulia wanasema alipofika pale Jecha alipoufunika mguu, alirudia mara mbili.

Hakuniomba radhi. Unamjua. Alisimama mbele ya gari akaikagua kama anainunua. Akasema, "Hii ndiyo iliyombeba?"

Nikamwambia, "Ndiyo hii, shangazi."

"Alilala wapi?"

Nikafungua mlango wa nyuma nimuoneshe. Ziko polo mbili za mchanga. Akaniuliza ni za nini. Nikamwambia za kuzuia gari isiteleze mlimani, kwa kuwa haina watu. Akaigusa polo moja kwa ncha ya kiatu. Kisha akanambia, "Ziteremshe. Nirudishe kwangu."

Nikaziteremsha. Polo moja ilipasuka, mchanga wote ukamwagika mlangoni. Nikasema aingie mbele, magoti yapate nafasi. Akakataa. Akakaa nyuma na wale wenzake wawili, wamebanana, wananuka mafuta ya halud na jasho, na tangu Chake mpaka Pujini hakukwisha kulalamika. Mara gari inanuka mafuta, mara mimi nakimbiza sana, mara nakwenda kama maiti. Nilikuwa sisikii vizuri. Machozi yalinizuia kuona njia na nilikuwa naogopa kuyafuta, wasije wakajua.

Mlima wa Pujini vumbi limelegea kama unga wa muhogo. Nikatia ya pili nikangoja tairi ziteleze. Hazikuteleza. Ilipanda, Talal! Shangazi peke yake ni polo tatu, usije ukamwambia nimesema.

Si wote. Wapo ambao bado wananigeuzia mgongo, na wale vijana watatu waliotoka jela wana uchungu wao, barua haiuondoi. Lakini Ijumaa Shangazi anataka kwenda spitali ya Chake, Jumatatu sokoni, na kanipangia safari mpaka mwisho wa mwezi bila kuniuliza kama nina mafuta.

Hukumu ya gari naitoa mimi, kwa kuwa wewe huna gari. Vitz imeshinda kwa injini, kwa breki, kwa kiyoyozi, kwa kila kitu. Nakubali. Nikiiona moja Chake nitaipigia saluti.

Jana nimemwambia tena Shangazi akae mbele. Siti ya mbele kushoto iko tupu, yeye anateseka nyuma kwa nini? Akanigombeza mbele ya watu wa soko. Kasema, "Nyuma yule alishalala. Hiyo ya mbele ni yake akirudi, na mpaka arudi asiikalie mtu."

Basi haikaliwi. Nauli utapata wapi sijui, lakini njoo.

Kaka yako,
Amur